Mama Sellah Nangila Wekoye, Aliyezikwa kwa Awamu

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu kutoka Chwele, wafanyakazi wenzake wa Bungoma na wa Kitale, majirani, na nyote mliopata viti pamoja na mliosimama, familia imeomba historia hii isomwe yote, hata pale inapowasha, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na yeye alikuwa mtu ambaye ukimletea karatasi yenye pengo alikurudisha nyumbani ukalijaze.

Marehemu Sellah Nangila alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 karibu na soko la Chwele, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mukhwana na marehemu Mama Nasike, ingawa tarehe hiyo aliitaja kila mara kwa tabasamu, kwa kuwa mama yake alikumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yametoa ndevu, na siku yenyewe ikawekwa na karani wa misheni aliyetaka kujaza kisanduku chake aende zake chakula cha mchana. Alipenda kusema kwamba yeye alizaliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mama yake na mara ya pili kwa serikali, na kwamba ni ile ya pili iliyomlipa mshahara.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 papo hapo Chwele, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1970, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, akasomea uchapaji huko Eldoret, na tarehe 2 Mei 1977 akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo mjini Bungoma, akahamishiwa Kitale Januari 1991, na huko akafanya kazi mpaka ugonjwa ulipomstaafisha. Wengi wenu mlipita mezani pake, kwa furaha ya mtoto au kwa msiba, na mnajua hakuwa mtu wa mchezo, maana aliwahi kurudisha fomu ambayo mahali pa sababu ya kifo paliandikwa "Mungu alimpenda zaidi", akasema ofisi haina nambari ya ugonjwa huo, na aliwahi kumwambia mzee mmoja mwenye wajukuu tisa kwamba pole sana, mzee wangu, lakini kwa mujibu wa faili bado hujazaliwa. Vibali vya mazishi alivitoa kwa mkono wake kwa zaidi ya miaka ishirini, na kanuni yake ilikuwa moja, kisichokuwa na kibali hakijazikwa, hata kama kimefunikwa kwa udongo.

Tarehe 20 Desemba 1980 aliolewa na Bwana Levi Wekoye wa hapa Misikhu, mfanyabiashara wa mahindi mjini Kitale, na Mungu akawajalia watoto wanne, kifungua mimba akiwa Nekoye, ambaye ni mwalimu, na wadogo zake watatu mnaowaona hapa mbele. Uzazi wa mwisho, mwaka 1992, ulimwachia moyo uliopanuka, akawa anapanda ngazi za ofisi kwa kituo, lakini hilo halikumzuia kukorofishana na mtu yeyote aliyeandika jina la marehemu kwa penseli.

Mwezi wa pili mwaka 2004, akioga, aligusa uvimbe katika titi la kushoto, mdogo kama punje ya hindi, akaupa muda uondoke wenyewe, nao ukaona ni heri ukae, mpaka Nekoye alipogundua kwa bahati na kumsukuma hadi hospitalini mjini Kitale, kwa Daktari Ndung'u, mpasuaji, ambaye alisema titi zima litoke. Daktari alieleza pia jambo ambalo Nangila baadaye aliwaeleza wengine hadi wakamkimbia sokoni, kwamba saratani ya titi si moja, iko ile ambayo chembe zake zina vipokezi, kama midomo midogo, vinavyonyonya homoni za mwanamke na kunenepa kwazo, na hiyo hutibiwa kwa kidonge cha kila siku kinachoziba ile midomo, na iko isiyo na midomo hiyo, ambayo haikijali kidonge hata kidogo, na hiyo hutaka dawa kali za kudungwa kwenye mshipa. Kwa macho zote zinafanana, maabara ndiyo huzitenganisha, kwa kukata nyama hiyo nyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuipaka dawa, na kutazama kama viini vya chembe vitageuka rangi ya kahawia. Kwa mgonjwa mwingine daktari angeweza kutoa vyote viwili na kumwachia Mungu achague, lakini kwa moyo wa Nangila zile dawa kali zingeweza kumuua kabla saratani haijajipanga, kwa hiyo asingemdunga bila sababu, na sababu ilikuwa ndani ya ile nyama.

Upasuaji ulifanyika Jumanne, tarehe 12 Oktoba 2004, ukaenda vizuri, na Nangila akiwa bado amelala, muuguzi wa zamu alimkabidhi Levi ndoo nyeupe yenye kifuniko, titi likiwa limezamishwa katika formalini, dawa ile inayozuia nyama kuoza, akamwambia aipeleke maabara ya Bwana Hashim, ng'ambo ya barabara, itayarishwe na kutumwa Nairobi, maana huo ndio ulikuwa utaratibu, mgonjwa hubaki kitandani na jamaa zake ndio matarishi. Levi alifika langoni, akasimama na ile ndoo kama mgeni aliyepewa mtoto asiyemjua, na hapo langoni akakutana na kaka yake mkubwa, Mzee Walubengo, aliyekuwa amefika kutoka Misikhu na jogoo wa kumjulia hali mgonjwa.

"Hiyo ni nini?" Mzee Walubengo akauliza.

"Ni Mama Nekoye," Levi akajibu.

Katika nyumba hii, kama wazee wanavyojua, kiungo cha mtu mzima hakiachwi kwa wageni, hutangulizwa nyumbani kimngoje mwenyewe, na ndivyo vidole viwili vya babu yao vilivyokatwa na mashine ya miwa vilivyozikwa nyuma ya boma hili, na babu mwenyewe akavifuata baada ya miaka mingi akiwa na amani. Mzee Walubengo aliitazama ile ndoo, akasema, "Ati mke wetu azungushwe Nairobi kwa ndoo kama samaki, halafu wakimaliza wamtupe wapi? Hapana, bana, twende naye nyumbani," na Levi, ambaye tangu utotoni hajawahi kumshinda kaka yake kwa maneno, hakuvuka barabara. Kabla jua halijatua walikuwa wamefika hapa Misikhu, wakaimwaga formalini kwa sababu iliwachoma macho, wakalifunga titi katika leso yake mwenyewe, wakalizika nyuma ya jikoni, mzee wa kanisa akaomba, Mzee Walubengo akaweka jiwe. Hakuna aliyekuwa mwovu siku hiyo, na hilo ndilo lililokuja kumtesa Nangila kuliko yote, kwa sababu mwovu angeweza kumtukana akapumua. Hospitali nayo ilimpigia Levi simu mara mbili juma hilo, na mara zote mbili ilikuwa ikiulizia ndoo yake.

Tarehe 9 Novemba Nangila alirudi kliniki kusikia majibu, akaketi katikati, Levi kulia na Mzee Walubengo kushoto, daktari akafungua faili, akauliza majibu ya maabara yako wapi, Levi akatazama viatu vyake, na Mzee Walubengo, kwa uso wa mtu aliyetimiza wajibu, akasema, "Usiwe na wasiwasi, Daktari, tulimzika vizuri, hata maombi tulifanya."

Daktari Ndung'u alivua miwani. "Mlimzika nani?"

Hivyo ndivyo marehemu alivyopata habari za mazishi yake ya kwanza. Alimgeukia Mzee Walubengo, akasema, "Mulamwa," kama shemeji anavyoitwa kwetu, "ati nilizikwa na sikualikwa?" na Mzee Walubengo akamjibu kwa upole wa kweli, "Ulikuwa umelala, mama, tukaona tusikusumbue."

Nangila hakuwa mtu wa kukubali faili lifungwe, kwa hiyo juma lililofuata alikwenda katika ofisi inayotoa ruhusa ya kufukua, akapanga foleni kama raia mwingine yeyote, na karani mwenzake, ambaye yuko hapa leo na anacheka kwa aibu, akamwomba nambari ya kibali cha mazishi. Hakuwa nayo. "Mama Nekoye," karani akamwambia, "bila kibali hakuna mazishi, na bila mazishi hakuna kufukua, si ni wewe ulinifundisha hivyo?" Nangila alikubali kwamba jibu lilikuwa sahihi, akacheka mpaka mshono ukamuuma, kisha akaenda kuketi kwenye benchi ambalo kwa miaka mingi alikuwa akiwaketisha wengine, na hapo kicheko kikakatika.

Kutoka hapo alivuka kwenda kwa Bwana Hashim, mtu mpole anayeishi karibu na msikiti, akamuuliza kama wakichimba bila kuomba ruhusa ya mtu, usiku au mchana, nyama ile inaweza bado kusema. Hashim alimkaribisha kiti. "Mama Nekoye, nitakuambia ukweli, usinichukie. Hiyo nyama ilitakiwa kubaki ndani ya formalini, ikishaoza vile vipokezi vinakufa kwanza. Nikiipaka dawa haitageuka rangi, nami nitaandika hakuna, na itakuwa uongo wenye muhuri." Nangila, aliyeishi kwa mihuri, alielewa, akashukuru, akaenda nyumbani.

Basi kuanzia hapo aliishi kama mtu aliyefungiwa katika nyumba yenye milango miwili, na ufunguo wa yote miwili uko chini ya jiwe. Daktari alimpa kidonge, kwa sababu kidonge hakikuwa na hatari kwa moyo, na kwa sababu wanawake wengi wenye umri wake huwa na vile vipokezi, lakini wengi si wote, na kila asubuhi Nangila alikiweka kando ya kikombe cha chai akakiambia, "Kama wewe ni dawa, fanya kazi, na kama ni pipi, angalau uwe mtamu," na hakikuwa kitamu. Akiacha kukimeza, huenda alikuwa akibomoa ukuta pekee uliomkinga, akiendelea kukimeza, huenda alikuwa akipoteza miaka ambayo zile dawa kali zingeweza kuitumia, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, si Kitale, si Nairobi, si mbinguni, maana hata katika maombi, alisema, Mungu hujibu mambo mengine yote ila lile la maabara.

Na kila mwisho wa mwezi walikuja hapa Misikhu, kwa kuwa mke haachi boma, na kutoka mlango wa jikoni aliliona lile jiwe, ambalo Mzee Walubengo alilipalilia kwa mkono wake asije mtu akalikanyaga. Wao walikuwa na shamba dogo nje ya Kitale, alilopanda miti mwenyewe, na alikuwa amemwambia Levi kwamba siku yake ikifika alazwe huko, lakini alipolitaja jambo hilo mbele ya wazee aliambiwa kwamba mtu akishaanza kuzikwa mahali hawezi kwenda kumalizikia pengine, na hakubisha, kwa sababu kama karani aliona hoja ilikuwa na mantiki. Hasira alikuwa nayo, ila hakuwa na mahali pa kuiweka, kwa maana shemeji mkubwa hatukanwi, hasa shemeji anayekuletea jogoo kila ukiugua, kwa hiyo aliipika, akaiandaa mezani, na mara nyingi alipomwekea Mzee Walubengo kuku na ugali wa wimbi alimwambia kwa heshima, "Kula, mulamwa, lakini mifupa usizike bila kibali." Mzee alicheka kwanza, akaacha kucheka, mwishowe akawa anaomba apewe mboga.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2007 uvimbe mwingine ulitokea kwapani, upande uleule. Jumatatu, tarehe 17, Daktari Ndung'u aliutoa, na safari hii Nangila alikataa kulazwa usingizi, akasema mara ya mwisho alipolala alizikwa, adungwe ganzi ya pale pale, na kila kitakachokatwa kiwekwe mbele ya macho yake. Wakati wote huo Levi na Mzee Walubengo walikuwa kwenye benchi nje ya mlango, na alipotoka, mkono mmoja umefungwa na mwingine umeishikilia chupa ya formalini kifuani, Mzee Walubengo alisimama ampokee mzigo, kama mtu mwenye adabu anavyofanya.

"Keti, mulamwa," alimwambia. "Hiki bado kiko kazini."

Akavuka barabara peke yake, akikohoa, bodaboda wakimpisha, akamkabidhi Hashim mkononi, na Hashim akaishika ile chupa kwenye mwanga akasema, "Leo umeniletea kitu ninachoweza kukiuliza swali." Siku chache baadaye nyama ilikuwa imeganda ndani ya kipande cha nta, tayari kwenda Nairobi, kisha uchaguzi ukaja, na yaliyofuata mnayajua, barabara zikafungwa, watu wakalala makanisani, na Nangila akaona aibu kuulizia kipande cha nyama wakati wenzake wanaulizia ndugu. Hashim ndiye aliyemtuliza, alipomwambia kwamba kilichomo ndani ya nta hakiozi, wanadamu wanaweza kupigana mpaka wachoke na swali lake litakuwa bado linangoja.

Majibu yalifika tarehe 4 Machi 2008. Vipokezi vya zile homoni za mwanamke, vya estrojeni, hakuna, vya projesteroni, hakuna, na safari hii haukuwa uongo, maana nyama ilitunzwa. Kidonge kikaachwa siku hiyo hiyo. Nangila aliuliza swali moja tu, kama ule uvimbe wa kwanza nao ulikuwa hivyo, yaani kama miaka yote ile alikuwa akimeza pipi, na daktari, ambaye familia inamheshimu kwa kutomdanganya, alimwambia kwamba huenda ulikuwa hivyo hivyo, na huenda ulikuwa na vipokezi na kidonge kilimpa miaka mitatu ya kuishi kabla saratani haijabadilika, hajui, wala hakuna atakayejua tena. Alipewa zile dawa kali huko Eldoret, kidogo kidogo, akazivumilia mara mbili, mara ya tatu moyo ukakataa, akarudi Kitale, akastaafu mwezi wa nane.

Januari mwaka huu Mzee Walubengo, bila kumwambia mtu, alipanda basi hadi Nairobi kukidai kile kipande cha nta, ili siku ikifika azikwe mzima, na maabara ikamuuliza marehemu anaitwa nani, akataja jina, wakauliza alifariki lini, akasema bado. Alirudi mikono mitupu. Nangila aliposikia alimwita kando ya kitanda, na wote tuliokuwa chumbani tulisikia. "Mulamwa, nusu yangu ulishaichukua na sikugombana nawe. Hicho kipande kiache huko. Daktari anasema kila mwaka wanapata dawa mpya za kuulizia, na siku mmoja wa hawa wasichana wangu akishika uvimbe, kuna mtu wa kumjibu. Usininyamazishe mara mbili." Mzee Walubengo akavua kofia yake, akasema, "Nimesikia, mama."

Marehemu alituacha Alhamisi, tarehe 12 Machi 2009, hospitalini Kitale, Levi akiwa ameshika mkono wake, na sababu ya kifo imeandikwa kwa ukamilifu, kama alivyotaka, saratani ya titi la kushoto. Mzee Walubengo alipoulizwa jana kama sehemu inayomhusu isomwe, alisema isomwe, mradi isisomwe haraka, na ni yeye aliyewaonyesha vijana leo alfajiri mahali pa kuchimba, kuliani mwa lile jiwe, ili akilazwa chali titi liwe upande wake wa kushoto. Ni yeye pia anayewaomba, na familia inamuunga mkono, kwamba yeyote kati yenu atakayepewa ndoo mlangoni mwa chumba cha upasuaji, avuke barabara kwanza, na desturi imngoje upande huu, maana desturi ina subira kuliko nyama.

Familia inawashukuru Daktari Ndung'u na wauguzi wote, Bwana Hashim, aliyefunga safari kuja kusimama nasi, madaktari wa Eldoret, majirani wa Kitale na wa Misikhu waliochota maji na kulala mekoni, kanisa, na wenzake wa ofisi ya usajili, waliotoa kibali cha leo siku ileile kilipoombwa, jambo ambalo yeye mwenyewe angelitilia shaka. Kibali hicho kinasema tunazika mwili wa Sellah Nangila Wekoye, na kwa haya yote yaliyosomwa, hilo si sahihi kabisa, kwa hiyo tuna hakika angekirudisha kikarekebishwe.

Pumzika kwa amani, Nangila, hapa Misikhu, na kile kilichobaki Nairobi kiendelee kujibu.